Kuipanga Siku ni Kuutuliza Moyo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa usiku na mchana, aliyekipa kila kitu kipimo chake na kila jambo wakati wake. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, mlioko misikitini na mnaotusikiliza majumbani, tunausiana sote, na nafsi zetu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Leo tunakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hawalihesabu kuwa ni la dini, nalo ni mpango wa maisha ya kila siku, na namna mpango huo unavyouondolea moyo wahka na fadhaa.

Itazameni nyumba moja asubuhi ya siku ya kazi. Jua limekwisha kuchomoza, na Sala ya Alfajiri imesaliwa mbio mbio, au imepita. Mtoto anatafuta kiatu cha pili. Mama anatafuta kadi ya kliniki, na huku chai inafurika jikoni. Baba anauliza ufunguo uko wapi, na kila anayeulizwa anamwuliza mwenziwe. Mara sauti zinapanda, mmoja analia, mwingine anaapa, na wote wanatoka bila ya kuagana kwa salamu. Hapana aliyekusudia ubaya katika nyumba hiyo, lakini siku imeanza kwa ugomvi. Jioni wanarejea wamechoka, na ukiwauliza ni kitu gani kilichowachosha, hawana jibu. Husema tu: ndiyo mitihani ya dunia.

Ndugu zetu, yatupasa tupambanue. Dhiki za binadamu hazina asili moja. Iko dhiki iliyo mtihani kutoka kwa Mola, kama vile msiba, ukame, au kuondokewa na kazi. Dawa yake ni subira na kusaidiana. Iko dhiki iliyo maradhi, nayo tutaigusia mwishoni. Na iko dhiki ya tatu, tunayoifuma kwa mikono yetu wenyewe: kwa kuahirisha, kwa kutoandika, kwa kuahidi tusiyoyaweza, na kwa kutokiweka kitu mahali pake. Hii ya tatu ndiyo tunayoizungumza leo, kwa sababu watu huibeba miaka mingi wakiiita kadari, na hali dawa yake wanayo.

Anas bin Malik, aliyekuwa mtumishi wa Mtume (S.A.W.), amepokea kwamba Mtume alikuwa akikithirisha kuomba kinga kwa Mwenyezi Mungu kutokana na wasiwasi na huzuni, na kutokana na unyonge na uvivu, na woga na ubahili, na uzito wa deni na kushindwa nguvu na watu. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Zingatieni namna mambo haya yalivyokaa pamoja katika dua moja. Wasiwasi na huzuni vimetajwa mwanzo. Uvivu umefuatia karibu yake. Na deni halikuwa mbali. Ni kama majirani wanaotembeleana. Kazi iliyoachwa jana kwa uvivu huja leo kwa sura ya wasiwasi, na deni lisilopangiwa njia ya kulipwa humkaa mtu kifuani hata katika Sala yake.

Wako wanaodhani kwamba kupanga mambo ni kupungukiwa na tawakali. Husema: sisi tunamtegemea Mungu, ya kesho atayajua Yeye. Maneno haya yana sura ya imani, lakini Mtume wetu hakutufunza hivyo. Katika Hadithi iliyotolewa na Tirmidhi, mtu mmoja alimwuliza Mtume: je, amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu, au amwache huru na kutegemea? Akaamriwa kumfunga kwanza, kisha ategemee. Basi kamba ni sehemu ya tawakali.

Na kama mtu anataka kuliona jambo hili kwa ukamilifu wake, naaiangalie Hijra ya mwaka 622. Mtume alikuwa na ahadi ya Mola wake, na juu ya hayo hakutoka Makka kwa kubahatisha. Abubakar alikuwa amekwisha kuwalisha ngamia wawili kwa muda wa miezi 4, akingojea siku ya safari. Madina iko kaskazini, lakini wao walikwenda kwanza kusini, kwenye pango la Thaur, wakakaa humo usiku 3 mpaka msako ulipopungua. Kila mtu alikuwa na kazi yake. Abdallah bin Abubakar alishinda mchana kati ya Makureshi akisikiliza, na usiku akaleta habari. Asmaa binti Abubakar alitayarisha chakula cha safari. Amir bin Fuhaira alipeleka kondoo jioni ili wapate maziwa. Abdallah bin Uraiqit, ambaye hakuwa Mwislamu bali alizijua njia, aliajiriwa awe kiongozi wa safari na kupewa miadi ya siku. Na Ali bin Abi Talib aliachwa Makka ili azirejeshe amana za watu kwa wenyewe.

Kisha maadui walipofika mpaka mlangoni mwa pango, na Abubakar akaingiwa na hofu, Mtume alimtuliza kwamba asihuzunike, kwa kuwa Mwenyezi Mungu yu pamoja nao. Habari hiyo imo katika Sura ya At-Tawba, aya ya 40, na aya inataja kwamba utulivu uliteremshwa. Hapo pana fundisho kubwa. Yote yaliyokuwa katika uwezo wa binadamu yalikuwa yamekwisha kufanywa: chakula kipo, kiongozi yupo, amana zimo njiani kurejeshwa. Lililobaki lilikuwa la Mungu peke yake. Moyo uliokwisha kutimiza wajibu wake ndio unaoweza kutua juu ya kumtegemea Mola wake. Ama moyo unaojua kwamba umezembea, hata ulimi ukisema tawakali, wenyewe hautulii.

Basi tuanzie wapi? Mwenyezi Mungu ametuwekea mwanzo. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 103, ametujulisha kwamba Sala ni faradhi iliyowekewa nyakati maalumu. Sala 5 ni kama nguzo 5 za nyumba. Mwenye akili hutundika kazi zake juu ya nguzo hizo. Huku kwetu pwani ya Afrika ya Mashariki, ambako mchana na usiku karibu ni sawa, nyakati za Sala hazihami sana mwaka mzima, na hiyo ni neema ambayo wenzetu wa nchi za kaskazini ya mbali hawanayo. Badala ya kusema "nitaifanya leo", mtu naaseme: hesabu za duka nitazifanya baada ya Alfajiri, mgonjwa nitamtazama baada ya Alasiri, masomo ya watoto nitayasimamia baina ya Magharibi na Isha. Kazi iliyopewa mahali pake haipigi kelele tena kichwani, kwa kuwa moyo unajua saa yake itafika.

Hujjatul Islam Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijria, sawa na 1111 wa Miladia, ameifunza njia hii katika kitabu chake Bidayatul Hidaya, ambacho wanafunzi wengi wa vyuo vyetu hukisoma. Amekipanga tangu kuamka mpaka kulala, na amehimiza kwamba wakati usiachwe ovyo, bali kila saa iwe na shughuli yake isiyovukwa. Amekumbusha kwamba usiku na mchana ni saa 24, na kwamba usingizi usizidi saa 8. Kwani atakayeishi miaka 60 kwa kipimo hicho atakuwa amelala miaka 20. Angalieni kwamba Imamu hakukataza usingizi. Ameupa fungu lake, nalo ni thuluthi nzima ya umri. Mpango wa Kiislamu haumkondeshi mtu. Unampa kila mwenye haki haki yake, na mwili ni mmoja wa wenye haki.

Na siku njema hutengenezwa usiku wake. Abu Barza amepokea kwamba Mtume alikuwa hapendi kulala kabla ya Isha wala mazungumzo baada yake. Leo mazungumzo hayo yamehamia mkononi. Mtu huizima taa, akabaki na simu yake usiku wa manane, akisoma habari za watu asiowajua, kisha akaikosa Alfajiri na kuamka na kichwa kizito. Mtume aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zake za mapema, na Sahaba Sakhr, aliyeipokea Hadithi hiyo, alikuwa mfanyabiashara aliyezipeleka bidhaa zake mwanzo wa mchana, akatajirika. Baraka ya asubuhi huipata aliyeiruhusu kuanzia usiku.

Ndugu zetu, baada ya wakati huja mali. Mwenyezi Mungu ameteremsha aya iliyo ndefu kuliko aya zote za Qurani, nayo haihusu vita wala ndoa, bali inahusu kuandika deni. Ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara. Ameamuru deni liandikwe na muda wake, mwandishi aandike kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye atamke, na washuhudie mashahidi. Amekataza tusione uchovu kuliandika, liwe dogo au kubwa. Na ametaja hekima yake: kwamba kufanya hivyo ni uadilifu zaidi, kunauthibitisha ushahidi, na kunaiondoa shaka. Aya hii imetujia ili mioyo isiishi ndani ya shaka. Wazee wetu nao wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tulipata kuhudhuria maziko ya jirani yetu mmoja, mtu mwema, mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwamini. Hakuwa na daftari. Akisema: hesabu zangu ziko kichwani. Siku ya tatu ya msiba, watu walipokuwa bado wamo katika kisomo, akaja mtu kudai fedha za mzigo wa mchele. Akafuata mwingine. Kisha akaja bibi mmoja mjane, akasema kwa haya kwamba alikuwa akiweka kwa marehemu akiba yake ya safari ya Hija, kidogo kidogo, kwa miaka kadhaa. Hakuwa na karatasi wala shahidi. Wana wa marehemu wakatazamana. Wakikubali, huenda wakatoa kisichodaiwa katika haki ya mayatima. Wakikataa, huenda wakamdhulumu mjane na kumwacha baba yao na deni kaburini. Ndugu mmoja akasema tulipe, mwingine akasema tusilipe. Shamba likauzwa, na ndugu hao wakakaa muda mrefu bila ya kuzungumza. Baadaye, katika mfuko wa kanzu yake, kilionekana kipande cha karatasi. Kilikuwa na tarakimu tu, bila ya jina wala tarehe.

Nasi tunaoyasema haya hatukuwa bora kuliko yeye. Usiku ule tuliporudi nyumbani tulifungua kasha letu, tukakuta humo bahasha ya fedha ya mtu aliyesafiri, na juu yake hatukuandika lolote. Lau tungelifia usiku ule, watoto wetu wangeliigawa kuwa ni urithi. Hatukulala mpaka tulipoandika.

Jambo hili si dogo mbele ya Mungu. Imo katika Sahihi ya Bukhari, kwa mapokezi ya Salama bin Al-Akwa, kwamba lililetwa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari 3 bila ya kuacha cha kulipia, na Mtume akawaambia Masahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake, ndipo akamsalia. Na Ibn Umar amepokea kwamba haimfalii Mwislamu mwenye kitu cha kuusia kulala usiku 2 ila usia wake umeandikwa. Basi kila nyumba naiwe na daftari lenye kurasa 3: tunachodaiwa, tunachodai, na amana za watu zilizoko kwetu. Katika ukurasa wa tunachodaiwa iandikwe pia mikopo inayochukuliwa kwa simu, ambayo kwa wepesi wake mtu huisahau kuwa ni deni. Na mkewe, au mwanawe mkubwa, ajue daftari hilo linakaa wapi.

Jambo la tatu ni kazi za nyumbani. Mpango wa nyumba si mpango ikiwa raha ya mmoja imejengwa juu ya uchovu wa mwingine. Wako akina baba wanaojisifu kwamba nyumba zao zimetulia, na hawaoni kwamba utulivu huo wote umebebwa na mtu mmoja, ambaye ndiye akumbukaye dawa ya mtoto, ada ya chuo, maji ya kunywa na nguo za Ijumaa, na ndiye wa mwisho kulala. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani. Akaeleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na Sala ilipofika alitoka kwenda kusali. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu alihudumu nyumbani mwake, ni nani kati yetu aliye mkubwa wa kulijaza maji pipa?

Na Salman Al-Farisi alipomzuru nduguye Abu Dardaa, alimkuta mkewe ameacha kujipamba, kwa kuwa mumewe alikuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha. Salman alimzuia, akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki. Basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume alipopata habari alimsadiki Salman. Tazameni: hata ibada, ikizidishwa bila ya kipimo, huleta dhiki nyumbani. Seuze shughuli za dunia?

Enyi wanafunzi, nanyi mna fungu lenu. Mwanafunzi huacha kitabu miezi 3, kisha akataka kukimeza kwa usiku 3 kabla ya mtihani. Akaingia chumbani macho mekundu na moyo unadunda. Bibi Aisha amepokea kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni chache. Nusu saa kila siku baada ya Alfajiri ni bora kuliko usiku mmoja wa hofu. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo, ndugu zetu, tusiugeuze mpango kuwa bwana wetu. Mtoto ataugua siku ya safari, mvua itanyesha siku ya arusi, na mgeni atabisha hodi saa ya hesabu. Mwenyezi Mungu ametufunza katika Sura ya Al-Kahf, aya ya 23 na ya 24, tusiseme tutafanya jambo kesho ila tuliambatishe na kutaka Kwake. Inshallah ya kweli ni neno la mtu aliyekwisha kujitayarisha, anayejua kwamba mwisho hauko mikononi mwake. Tusiifanye kuwa neno la kumwondoa mtu mlangoni.

Na tuliahidi kuigusia dhiki iliyo maradhi. Wako watu ambao moyo wao umezama. Hawali, hawalali, hawaoni raha ya chochote, na mpango wa siku hauwainui. Hao wasiambiwe kwamba wamepungukiwa na imani. Mtume ameamuru tujitibu, na wanavyuoni wetu walilijua jambo hili zamani: Abu Zaid Al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijria, sawa na 934 wa Miladia, alitunga kitabu juu ya afya ya miili na nafsi pamoja, akieleza kwamba nafsi nayo huugua na hutibiwa. Mwenye hali hiyo apelekwe kwa daktari, aombewe dua, na akae na watu wampendao.

Ama sisi tulio wazima, tusingoje mwezi mpya wala mwaka mpya. Leo hii, baada ya Isha, kila mkubwa wa nyumba naafanye mambo 3. La kwanza, aandike madeni na amana alizonazo, hata kama ni shilingi chache. La pili, akae na watu wake wagawane kazi za kesho, na vitu vya asubuhi viwekwe tayari mahali pamoja. La tatu, simu ziwekwe mbali na kitanda, watu walale wakiwa wamemtaja Mungu. Mambo hayo hayamalizi saa moja. Lakini nyumba itakayoyadumisha itaamka kwa adhana, wala haitaamka kwa kelele. Na watu wake wataagana mlangoni kwa salamu.

Ewe Mola wetu, tubarikie wakati wetu na riziki zetu. Tuondolee wasiwasi na huzuni, utulipie madeni yetu, na utujaalie tuwe wenye kutekeleza amana. Wape shifaa wagonjwa wetu wa mwili na wa nafsi. Warehemu waliotangulia mbele ya haki na madeni ambayo hatukuyajua, na uwape warithi wao moyo wa kuyalipa. Na umsalie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake wote. Amin.